Anko Mkemia: "Imepimwa hii" – sawa, imepimwa nini?

Haya wasomaji wangu tumekutana tena. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zina neno moja ndani yake, "imepimwa". Muuzaji kamwambia mteja hii imepimwa, mteja kaja kuniuliza mimi eti ni kweli imepimwa, na mimi nimekaa maabara miaka mingi kiasi kwamba nikisikia hilo neno mdomo unaniwasha. Imepimwa nini? Ipakwe wapi? Ikae muda gani? Nimechagua maswali saba, mengine nimejibu kirefu mengine kifupi, mtanivumilia ndo nilivyo.

Shikamoo Anko. Mi naolewa mwezi ujao Inshallah. Mpambaji amesema ataniweka piko nyeusi mikono na miguu, ile ya unga wa kopo ambao watu wanapakia mvi. Anasema inashika fasta kuliko hina na kopo lina nembo kabisa, imepimwa. Ila shoga yangu alitoka malengelenge siku kadhaa baada ya harusi yake, mpambaji anasema ni ngozi yake tu mbovu. Nifanyeje? – Biharusi, Kigogo

Marahaba mwanangu, na hongera, Mungu awatangulie. Sasa sikiliza vizuri, mpambaji wako hajakudanganya ila hajakumalizia. Ule unga unaweza kweli kuwa umepimwa, lakini umepimwa kama rangi ya NYWELE. Yani unapakwa kwenye nywele, unakaa kama nusu saa hivi, unaoshwa kwa maji mengi, na hata hapo bado ile karatasi ya ndani ambayo hakuna mtu anaisoma inakwambia ujaribu kidogo kwenye ngozi saa 48 kabla. Hakuna aliyeupima kwa kuchora maua mkononi halafu ukaachwa ukauke. Kopo ni lilelile, unga ni uleule, ila pa kuingilia mwilini pamebadilika na muda umebadilika, na sisi watu wa kupima sumu hivyo viwili vikibadilika tu basi kile kipimo cha mwanzo hakikuhusu tena wewe.

Kinachoipa piko ule weusi wa haraka ni kemikali inaitwa parafenilinidiamini, jina refu kama treni ya Kigoma, wenyewe tunafupisha PPD. Hina ya majani ya mhina haijawahi kuwa nyeusi tangu dunia iumbwe, inatoa rangi ya chungwa inayoiva kuelekea kahawia na inataka ukae masaa, kwa hiyo ukiona "hina" imekuwa nyeusi tii ndani ya nusu saa ujue kuna kitu kimetiwa humo. Ulaya wanaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 pale inapofika kichwani, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa, Marekani nao kupaka moja kwa moja kwenye ngozi hairuhusiwi. Wakati ile michoro myeusi wanayochorwa watalii kwenye fukwe sehemu mbalimbali duniani imeshakutwa na zaidi ya asilimia 10. Mara tano ya kile cha kichwani, na hii haioshwi.

Shoga yako usimwite ngozi mbovu. Mara ya kwanza mwili unachukua hata wiki moja au mbili kuikataa PPD, ndo maana watu wanasingizia mbu au wanasingizia pilau la harusi. Tatizo ni kwamba mwili ukishaikataa hausahau. Miaka 10 baadaye akitia rangi nyeusi kwenye nywele uso unaweza kuvimba mpaka macho yakafumba, na wengine huwa wanakataa hadi aina fulani za ganzi na baadhi ya rangi za nguo nyeusi kwa sababu hizo kemikali ni ndugu. Mwambie kwa upendo asiguse tena rangi nyeusi ya nywele bila kuonana na daktari wa ngozi, na siku yoyote anayochomwa ganzi aseme kabla.

Na hii kitu sio ngeni. Mwaka 1933 kule Marekani kulikuwa na rangi ya kope inaitwa Lash Lure, nayo ilikuwa na hiyohiyo PPD. Wanawake waliumia macho, kuna waliopofuka na kuna aliyefariki, na serikali yao ilikuwa haina hata sheria ya kuitoa dukani maana sheria ya wakati ule ilikuwa inajua chakula na dawa tu, vipodozi hapana. Sheria ikaja 1938. Wewe unataka kuirudia ile habari kwenye mikono yako wiki ya fungate, ya nini?

Weka hina ya majani, ikorogwe na ndimu na chai ya rangi kama walivyofanya bibi zetu, upakwe siku mbili kabla ya shughuli kwa sababu rangi inaiva siku ya pili, ukitaka ikolee rudia. Mpambaji akikasirika mwambie Anko ndo kasema.

Habari Anko. Natengeneza sabuni ya maji hapa Mbagala Rangi Tatu, nilifundishwa kwenye semina ya wajasiriamali: salfoniki, slesi, soda ashi, chumvi, rangi, pafyumu, na mwisho fomalini ili isioze. Wakati wa kumimina fomalini macho yanatoka machozi mpaka natoka nje. Nauza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizotumika. Sasa nataka nembo ya TBS, shirika la viwango, lakini wenzangu wananitisha kwamba wakipima watanifungia. – Mama Sabuni

Mama Sabuni nzuri sana, na kwanza nikupe pole ya hayo macho, maana ndo swali lenyewe. Wewe umeniuliza kuhusu wateja wako lakini mtu wa kwanza anayeumia hapo ni wewe. Mteja anapata fomalini kidogo iliyochanganywa na ndoo nzima ya maji, anaosha vyombo, anasuuza, basi. Wewe unafungua galoni la fomalini, yani maji yenye fomaldihaidi karibu asilimia 37, ndani ya chumba kimoja, kila wiki, na uso umeinamia ndoo. Shirika la utafiti wa saratani la kidunia, IARC, liliiweka fomaldihaidi kwenye kundi la 1 mwaka 2004, yani kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na saratani iliyowapeleka huko ni ya nyuma ya pua, kwa wanaoivuta. Machozi ni mwili unakwambia toka, na wewe unatoka, umefanya vizuri, sasa usirudi.

Sielewi kwa nini semina zetu bado zinafundisha fomalini. Ni rahisi, ni ya bei ndogo na inaua wadudu wote, ndo sababu, lakini hata sumu ya panya ni bei ndogo.

Badala yake kuna finoksiethanoli, inatumika kwenye losheni na sabuni duniani kote, Ulaya wanaruhusu mpaka asilimia 1, na inafanya kazi hata sabuni ikiwa na soda kidogo. Kuna watu watakwambia tumia sodiamu benzoeti ile ya kwenye juisi. Hiyo inataka mazingira ya uchachu ndo ifanye kazi, na sabuni yako yenye soda ashi kwa kawaida haina uchachu, ukiiweka humo umetupa hela na sabuni inaota ukungu vilevile. Halafu nusu ya kuoza kwa sabuni za mtaani sio kukosa dawa, ni maji ya kisima yasiyochemshwa na chupa zilizosuuzwa juujuu. Chemsha maji, tengeneza ya wiki mbili badala ya ya miezi mitatu, utashangaa.

Salfoniki nayo usiichukulie poa, ni asidi, inababua. Asidi ndo inaingia kwenye maji taratibu, usimwage maji juu ya asidi, vaa glavu na miwani, na ukishatia soda pima uchachu kwa zile karatasi za pH zenye namba. Sabuni ya vyombo ikikaa kwenye 7 au 8 mikono ya wateja inakaa salama. Na duka linalokuuzia kemikali Kariakoo liombe karatasi ya usalama ya kila kemikali. Ni karatasi yenye vipengele 16, kimoja kinasema huduma ya kwanza ikikurukia jichoni, kingine kinasema ikimwagika ufanye nini, na kopo lenyewe linatakiwa kuwa na zile alama za almasi zenye mpaka mwekundu. Muuzaji wa kemikali anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, kwa hiyo akikwambia hana karatasi na hajui unachosema, badili duka.

Kuhusu TBS, wenzako wanakutisha bure. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho, anaenda nayo TBS pale Ubungo, wanakuja kuona unapotengenezea, wanachukua sampuli. Ila ujue nembo inasema nini. Kuna kitabu cha kiwango cha sabuni ya maji, kimeorodhesha vitu vya kupima na mipaka yake, na nembo inasema sampuli yako imepita kwenye hivyo vitu. Haisemi kwamba ndoo ya Jumanne ijayo utaitengeneza vilevile, hiyo ni kazi yako, ndo maana wanarudi kukagua. Jambo la mwisho, zile chupa za maji. Sabuni ya kijani au ya njano ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili, mimi nasema ni hatari kuliko hata fomalini. Nunua chupa za sabuni za jumla na ubandike karatasi, andika SABUNI kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni.

Anko shikamoo. Nasoma mwaka wa pili hapa Mlimani. Huwa najiuliza nyie mnajuaje kiasi fulani cha kemikali ni salama bila kuwalisha watu sumu? Na ile picha ya sungura kwenye makopo ya losheni inamaanisha nini? – Denti wa Sayansi

Marahaba. Hili swali ningeweza kulijibu gazeti zima, mhariri kanikatalia.

Zamani walikuwa wanafanya kikatili. Mwaka 1927 Mwingereza mmoja, J. W. Trevan, alileta kipimo wanachokiita LD50, unawapa wanyama dozi tofautitofauti mpaka ujue ni dozi ipi inaua nusu yao. Yeye alikuwa anahangaika na dawa kama insulini ambazo nguvu yake ilikuwa inabadilika kila zinapotengenezwa, lakini wenzake wakakipenda wakaanza kupimia kila kitu mpaka lipstiki, yani panya analishwa lipstiki mpaka afe na hapo anakufa kwa kujaa tumbo sio kwa sumu. Mwaka 1944 akaja John Draize wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kipimo chake cha kutia kitu kwenye jicho la sungura halafu unahesabu wekundu na uvimbe. Kumbuka ile rangi ya kope niliyomwambia biharusi hapo juu, sheria iliyotokana na mambo kama yale ndo ilileta haja ya kupima macho. Kwa hiyo sungura kwenye kopo lako la losheni ametokea huko.

Baadaye watu wakaanza kuuliza hivi hii inatusaidia kweli? Ule mwongozo wa zamani wa LD50, namba 401 wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), ulifutwa 2002, zikabaki njia zinazotumia wanyama wachache. Kwa ngozi sasa kuna ngozi ndogondogo zinazooteshwa maabara kutoka kwenye chembehai za binadamu, unaweka kitu juu yake, unaangalia ngapi zimebaki hai. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kukataza kupima vipodozi kwa wanyama 2004, na Machi 2013 wakafunga mlango wote. Ila ile picha inakwambia habari za sungura tu, kwamba hakupimiwa, haikwambii habari za ngozi yako. Halafu kiungo kinaweza kuwa kilishapimwa kwa sungura miaka ya 70, leo kampuni inachukua majibu yaleyale inachora sungura anaruka. Na sungura wa kuchora mtu yeyote mwenye printa anaweza kuchora.

Sasa kiasi salama. LD50 inakwambia nini kinaua leo, wewe unataka kujua nini kitakuumiza ukikitumia kila siku miaka 20. Kwa hiyo wanyama wanalishwa kidogokidogo muda mrefu, vikundi tofauti, halafu inatafutwa dozi kubwa kabisa ambayo haijaleta shida yoyote inayoonekana. Tuseme ni miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Unagawanya kwa 100. Inabaki miligramu 1 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anapewa mwisho miligramu 60 kwa siku. Hiyo 100 imetoka wapi? Wamarekani wawili, Lehman na Fitzhugh, waliiandika 1954, na maelezo yake yaliyozoeleka ni 10 kwa sababu mtu sio panya, na 10 nyingine kwa sababu mtu sio mtu, yani kuna kichanga, kuna mjamzito, kuna babu mwenye figo moja. Ni namba ya busara zaidi kuliko ya hesabu. Kama unabisha kwamba wanyama wanatofautiana hivyo, paracetamol unayomeza kichwa kikiuma inaua paka, ini lake haliwezi kuishughulikia. Kwa hiyo msimpe paka panadol jamani.

Udhaifu wa hiyo hesabu ni kwamba inapima kemikali moja moja, wakati abiria mmoja wa daladala ya Gongo la Mboto saa 12 asubuhi ana losheni, pafyumu, dawa ya nywele, dawa ya mbu aliyopuliza usiku na moshi wa gari la mbele. Udhaifu mwingine ni kwamba kemikali nyingi hazijawahi kupimwa kabisa. Marekani walipotunga sheria yao ya kemikali 1976, kama kemikali 62,000 zilizokuwa sokoni tayari ziliachwa ziendelee tu bila kuulizwa. Ulaya ndo walikuja kugeuza kibao na sheria ya REACH iliyoanza 2007, ukitengeneza au kuingiza tani 1 kwa mwaka unaleta taarifa za usalama wewe mwenyewe mwenye kampuni, huna taarifa huna soko. Ukimaliza chuo njoo huku, kazi ipo.

Anko, mke wangu kaanza kupaka losheni ya kukorogwa, anaenda dukani wanamchanganyia vitu vitatu vinne kwenye kopo moja. Kweli kang'aa, siwezi kusema uongo. Ila tuna mtoto wa miezi mitano ananyonya na analala kifuani kwake. Nikimwambia anasema namuonea wivu. – Baba Chanja, Tandale

Mdogo wangu, mkorogo. Hapo hata neno "imepimwa" halipo, kwa sababu hata kama kila kopo lilipimwa peke yake, hicho alichokoroga yule kijana wa dukani na kijiko hakuna aliyekipima duniani, ni mali mpya kila siku.

Vinavyong'arisha haraka huwa ni vitatu. Steroidi kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya hospitali, inafanya ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya maandazi, michirizi inatoka, na ikiingia mwilini kwa wingi inavuruga sukari na presha. Haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu inageuza kibao, ngozi inapata madoa ya bluu nyeusi yasiyotoka, madaktari wa Afrika Kusini waliyaelezea tangu 1975. Na zebaki, ambayo mimi ndo inaninyima usingizi, kwa sababu haibaki kwa aliyepaka. Inaenda kwenye taulo, kwenye shuka, inapanda hewani chumbani, na mtoto anayelala kifuani anaipata kwa ngozi na kwa pua na kwa vidole anavyonyonya. Inakaa kwenye figo na inagusa ubongo.

Vyote vitatu haviruhusiwi kwenye vipodozi hapa kwetu. Tangu Julai 2019 vipodozi vimehamia TBS, zamani vilikuwa TFDA ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba, kwa hiyo ukitaka kuripoti duka nenda TBS. Duniani kuna mkataba wa Minamata wa 2013, umepewa jina la ule mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda, mwanzoni ulikuwa unakataza krimu yenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na 2023 wakaona hata hiyo inawapa watu mwanya wakakubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki ya kutiwa viondoke, mwisho 2025.

Kopo ulishike mwenyewe. Angalia kama kuna alama ya Hg au neno calomel, ni zebaki hiyo. Na kuna kitu kimoja kitakushangaza, kama maelezo yanasema usishike dhahabu, fedha au aluminiamu ukiwa umepaka, kimbia, maana zebaki inakula hayo madini na mtengenezaji anajua. Yani kwa hilo onyo mtengenezaji anauonea huruma mkufu kuliko mkeo.

Ila usiende kugombana. Wanawake wanapaka mkorogo kwa sababu sisi wanaume barabarani tunageuza shingo tukiona weupe, tuambiane ukweli. Mwambie unaogopa kwa ajili ya mtoto, na unaogopa kweli. Waende hospitali wote wawili, mama na mtoto, apeleke na kopo, aseme amepaka nini bila aibu, mkojo unapimwa zebaki. Kama ana steroidi asiache ghafla peke yake, daktari amshushe taratibu maana ngozi inaweza kulipuka. Mataulo na mashuka ya zamani msimfunikie mtoto. Kopo lifungeni kwenye mifuko miwili mlipeleke, msimwage chooni.

Mi ni mama ntilie Buguruni, ndoo zangu za maji na za kuwekea unga ni zile za rangi ya nyumba, nimeziosha na jivu zikatakata. Kuna shida?

Ipo dada yangu. Plastiki inanyonya. Rangi ina vimumunyisho na dawa za kuzuia ukungu, na rangi za mafuta nyingine mpaka leo zina madini ya risasi, na WHO wanasema wazi hakuna kiasi cha risasi kwenye damu ambacho kinajulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto. Jivu linatoa rangi unayoiona. Usitegemee ile pembetatu yenye namba chini ya ndoo, hiyo inakwambia ni plastiki ya aina gani tu, tafuta picha ya glasi na uma, ndo ishara kwamba ndoo imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Zinazotoka kwenye mafuta ya kula au siagi za mikate unazipata kwa bei nzuri kwa waoka mikate. Za rangi fanyia kubebea mchanga, au panda mchicha wa maua sio wa kula.

Anko nafanya usafi ofisini Posta. Jana nilichanganya Jik na dawa ya choo ili choo kitakate haraka, nikakohoa mpaka nikakaa chini. Ni mzio?

Sio mzio kijana, ni gesi ya klorini. Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa klorini, ile waliyopuliziana wanajeshi kwenye vita vya kwanza vya dunia. Ikikutana na amonia inatoa nyingine ambayo nayo mbaya, na mkojo uliolala kwenye choo cha wanaume una amonia. Kila chupa peke yake imepimwa, pamoja hapana. Tumia moja, flashi, suuza, ndo uje na nyingine, mlango wazi. Kifua kikiendelea kubana leo nenda hospitali usisubiri, mapafu yanaweza kujaa maji masaa kadhaa baadaye wakati mtu anadhani amepona.

Na wewe mwenyewe Anko nyumbani unatumia sabuni gani? – Mbea tu, Sinza

Ya mche, ile ya kukata vipande. Ananunua mke wangu, mimi siulizwi.